Kwa Nini Nimeichagua Catalina ya Kipevu

Kila Jumamosi baada ya alasiri, sisi wapenda ndege wachache wa Mombasa hukutana kwenye baraza ya muuza kahawa mmoja wa Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, na kwa miezi miwili mfululizo mjadala wetu umekuwa mmoja: katika ndege zote za kijeshi zilizowahi kuundwa duniani, ni ipi iliyo bora kuliko zote? Wenzangu wengi wamekwisha kutoa kauli zao na kuzitetea. Zamu yangu ilifika Jumamosi iliyopita, lakini adhana ya magharibi ilituinua kabla sijaimaliza hoja yangu, na kwa kuwa jambo lenyewe ninalithamini sana, nimeona niliandike hapa kwa utulivu, tangu nilipoanzia hadi pale nilipokusudia kufika.

Nimeichagua Catalina. Ninajua kwamba vijana wengi hawajawahi kulisikia jina hilo, na kwamba hata wale walioiona pichani huiona kama mashua iliyobandikwa mabawa. Lakini ndege hii iliishi hapa kwetu, Kipevu, katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili, na kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuna ndege ya vita iliyofanya kazi yenye maana kubwa zaidi.

Nianze na ndege za wenzangu, maana hakuna hata moja iliyotajwa barazani isiyostahili heshima. Kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, anaitetea SR-71 ya Marekani kwa moyo wake wote. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1964, ikiwa imeundwa kwa sehemu kubwa kwa titaniamu ambayo Wamarekani waliinunua kwa siri kutoka Umoja wa Kisovyeti, yaani kutoka kwa yule yule waliyekusudia kumpeleleza, na tarehe 28 Julai 1976 ikafikia kasi ya kilomita 3,529 kwa saa, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa na ndege nyingine ya jeti yenye rubani. Ilipokuwa ardhini matangi yake yalivuja mafuta, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukitanuka kwa joto la mwendo angani, na viungo vyake havikukaza sawasawa ikiwa baridi. Zilitengenezwa 32 tu. Kati ya hizo 12 zilipotea, na hakuna hata moja iliyoangushwa na adui. Kijana huyu anapoisimulia macho yake hung'aa, nami humsikiliza kwa furaha kila mara.

Ami yangu hataki kusikia jina jingine ila Spitfire ya Uingereza. Humpendeza zaidi habari ya mbunifu wake, R. J. Mitchell, ambaye aliishuhudia ikiruka kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1936, akafariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 42, bila ya kuiona vita ambayo ndege yake ilikuja kuipigana. Ni habari ya kusikitisha na ndege ni nzuri mno kuitazama, lakini nilimkumbusha Ami kwa adabu kwamba katika mapambano ya anga la Uingereza ya mwaka 1940, ni Hurricane, ndege nyingine ya Waingereza isiyosifiwa kwa sura, iliyoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Mwalimu wa fizikia aliye pamoja nasi yeye husimama na F-15, ambayo kwa mujibu wa hesabu za majeshi yanayoitumia imeangusha zaidi ya ndege 100 bila ya yenyewe kuangushwa katika pambano la ndege kwa ndege. Zikatajwa pia MiG-21, iliyotengenezwa kwa zaidi ya 10,000 na kutumiwa hata na jirani zetu wa Uganda, na B-52, ambayo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962 na bado inafanya kazi. Mdogo wetu kuliko wote aliitaja F-5 ya jeshi letu la anga kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa macho yake, na sababu hiyo siidharau hata kidogo, kwa kuwa yangu inafanana nayo.

Kinachonisumbua katika hoja hizi ni kipimo. Kila mmoja wetu huchukua sifa kuu ya ndege aipendayo, kisha akaifanya sifa hiyo kuwa mizani ya kupimia ndege nyingine zote, na kwa mizani ya namna hiyo hakuna atakayeshindwa wala atakayeshinda. Mimi nilijaribu kuanza na vita vyenyewe kabla ya kuzifikia ndege. Kamanda yeyote wa baharini wa miaka ile, akiamka asubuhi, swali lake la kwanza lilikuwa ni adui yuko wapi. Na mapambano yakiisha, swali lililobaki lilikuwa ni nani bado yu hai majini. Ninaitafuta ndege iliyoyajibu maswali hayo mawili vizuri kuliko nyingine, na iliyoyajibu si mara moja kwa bahati bali kila siku, kama kazi.

Catalina ilibuniwa na Isaac Laddon wa kampuni ya Consolidated ya Marekani, ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 28 Machi 1935, na zaidi ya 3,000 zikatengenezwa. Jina lake walilipa Waingereza, kutokana na kisiwa cha Santa Catalina kilichoko mbele ya pwani ya California. Sisi wa pwani tunaweza kuielewa upesi, kwa sababu imeumbwa kama chombo. Tumbo lake ni la mashua na lina mkuku. Bawa lake moja refu, la karibu mita 32 kutoka ncha hadi ncha, limeinuliwa juu ya nguzo pana ili rafadha za injini zake mbili zisipigwe na maji wakati wa kupaa na kutua. Kwenye ncha za bawa hilo kuna vielea viwili vinavyofanya kazi ile ile ya matengo ya ngalawa, yaani kuizuia isilale upande, isipokuwa kwamba ndege ikishapaa vielea hivyo hukunjwa juu na kuwa ncha za bawa lenyewe. Ubavuni, nyuma ya bawa, kuna madirisha mawili makubwa ya vioo yaliyobenuka kama mapovu, na hapo ndipo walipokaa watazamaji. Ndani mlikuwa na vitanda na jiko dogo, kwa sababu watu wanane au zaidi waliokuwamo wangeweza kukaa angani mchana kutwa na usiku pia. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 200 tu kwa saa, lakini iliweza kusafiri takriban kilomita 4,000 bila ya kutua.

Hiyo ndiyo ndege iliyoipata Bismarck. Tarehe 24 Mei 1941 manowari hiyo ya Kijerumani iliizamisha Hood, fahari ya Waingereza, na katika watu zaidi ya 1,400 waliokuwamo wakaokoka watatu. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Bismarck ikawapotea Waingereza, na kwa zaidi ya saa 30 hapakuwa na mtu aliyejua iliko katika bahari ya Atlantiki. Siku ya pili yake, yapata saa nne na nusu asubuhi, Catalina ya Kikosi cha 209, iliyokuwa imeondoka Lough Erne kule Ireland ya Kaskazini chini ya amri ya Dennis Briggs, iliiona ikikimbilia Ufaransa. Aliyeiona alikuwa Leonard Smith, Mmarekani aliyeketi kando ya Briggs wakati ambapo nchi yake ilikuwa bado haijaingia vitani. Bismarck iliwafyatulia mizinga na kuitoboa ndege yao, lakini habari ilikuwa imekwisha kupelekwa. Jioni yake ndege za Swordfish, za mabawa mawili yaliyofunikwa kwa kitambaa, ziliondoka katika Ark Royal, manowari ya Kiingereza ya kubebea ndege, na topido ya mojawapo ikaukwamisha usukani wa Bismarck. Asubuhi ya tarehe 27 ikazama.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi duniani, lakini kuna sehemu yake ambayo ni yetu na ambayo nadra kuisikia ikisimuliwa hapa mjini. Kikosi hicho hicho cha 209, kilichoiona Bismarck, mwaka 1942 kilihamishiwa Mombasa, na kituo chake kikawa Kipevu. Swordfish nazo zilikuja katika maji haya, zikiwa katika Illustrious, manowari ambayo mwezi Novemba 1940 iliwarusha marubani 21 wa Swordfish kwenda kuzipiga manowari za Waitalia katika bandari ya Taranto, na ambayo mwaka 1942 ilikuwa ikitia nanga Kilindini. Nilipoligundua jambo hili kwa mara ya kwanza niliondoka nyumbani nikaenda kusimama upande wa Makupa, nikayatazama maji ya bandari kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeyapita maisha yangu yote bila ya kujua.

Hata sababu ya vita kutufikia hapa inaihusu Catalina. Tarehe 4 Aprili 1942 rubani wa Kanada, Leonard Birchall, alipokuwa akifanya doria kusini mwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, aliuona msafara mkubwa wa manowari za Wajapani ukielekea kisiwani. Aliwahi kupeleka habari kabla ya ndege za Zero kumwangusha, akachukuliwa mateka mpaka mwisho wa vita. Wajapani waliishambulia Colombo siku ya pili yake na Trincomalee tarehe 9, wakazizamisha manowari za Waingereza Cornwall, Dorsetshire na Hermes, lakini meli nyingi zilikuwa zimekwisha kuondolewa bandarini kwa sababu ya onyo lile. Baada ya hapo kundi la manowari la Uingereza lililokuwa chini ya Admirali James Somerville likahamishia makao yake Kilindini. Ninakiri kwamba habari ya Birchall inaonyesha pia udhaifu mkubwa wa ndege yangu: mbele ya ndege ya kushambulia haikuwa na kasi ya kukimbilia wala nguvu ya kupigania, na waliopanda ndani yake walilijua hilo kila walipoiondoa majini.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Mtongwe, ng'ambo ya Kipevu. Pwani yetu ilikuwa imekwisha kuzizoea ndege za kutua majini, kwa kuwa tangu mwaka 1937 zile kubwa za abiria zilizokuwa zikisafiri baina ya Uingereza na Durban zilipita Kisumu na Mombasa, lakini hizi za vita Babu alizikumbuka kwa namna nyingine. Alikuwa akituambia kwamba ziliondoka alfajiri zikiwa nzito, zikiyapasua maji kwa muda mrefu kabla ya kunyanyuka, hata mawimbi yake yakazifikia ngalawa ufukweni, na kwamba zilirudi nyepesi, pengine siku ya pili. Wavuvi walijifunza kuihesabu idadi iliyotoka na idadi iliyorudi. Hakuwahi kutuambia jina la ndege hizo. Yeye aliziita ndege za maji.

Nimejaribu kuifahamu kazi iliyofanywa katika zile saa za katikati, na hapo ndipo lilipo jambo ninalolipenda kuliko yote. Nyambizi ya wakati ule haikuwa chombo cha kukaa chini ya maji daima. Ilisafiri juu ya maji kwa injini za dizeli, na ilipozama ilitegemea betri, ambazo zilikwisha nguvu baada ya muda na kuilazimu ipande juu kuzijaza upya. Chini ya maji mwendo wake ulikuwa wa kutambaa, hata meli ya mizigo ya kawaida ingeweza kuiacha. Kwa hiyo nahodha wa nyambizi aliyeiona Catalina kwa mbali alikuwa na hiari moja tu, kuzama, na akishazama msafara wa meli aliokuwa akiufuata ulimpita na kutoweka. Rubani wa Kipevu angeweza kuruka saa 16 au zaidi juu ya maji matupu, akarudi bila ya kuona chochote na bila ya kudondosha bomu hata moja, akaandika katika kitabu chake kwamba hakuna lililotokea, kumbe kwa kupita kwake tu ameiokoa meli ambayo mabaharia wake hawakujua kamwe kwamba walikuwa hatarini. Katika wiki chache za Juni na Julai 1942, nyambizi za Wajapani zilizamisha zaidi ya meli 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kwa hiyo hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Na zilipokutana na nyambizi juu ya maji, ndege hizi ziliweza pia kupiga: tarehe 20 Agosti 1943 Catalina mbili za vikosi vya 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagascar.

Nilipofika hapo barazani, fundi wetu mstaafu, ambaye alianza kushika spana za mitambo ya ndege katika miaka ya 1960 na ambaye kwa kawaida huongea mwisho, aliweka kikombe chake chini.

"Mwanangu," akaniambia, "ndege yako ilitazama. Yangu ilibeba."

Ndege ya fundi ni Dakota, ndege ya kubebea watu na mizigo, na katika mjadala huu mzima hiyo ndiyo hoja pekee iliyonitia shaka. Alitukumbusha juu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa huku kwetu waliopelekwa Burma, ambao mwaka 1944, katika mvua za msimu, waliteremka bonde la Kabaw katika matope yaliyoyameza magari, na ambao chakula chao, risasi zao na dawa zao zilidondoshwa kutoka angani, kwa sababu hapakuwa na barabara ambayo ingeweza kuwafikishia. Kisha akageukia injini, na anapoongea juu ya injini mikono yake husimulia pamoja naye: Twin Wasp ya Pratt & Whitney, silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, zikipozwa kwa hewa, nguvu za farasi 1,200. Nikamwomba radhi nikamkatiza, nikamwambia kwamba injini hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya bawa la Catalina. Hakuwa akijua, kwa kuwa Catalina hakuwahi kuishika kwa mikono yake. Alinyamaza, akatabasamu, kisha akasema kwamba basi ndege zetu zimenyonya ziwa moja.

Nimeifikiria Dakota wiki nzima. Laiti swali lingekuwa ni ndege gani iliyowafaa zaidi watu waliokuwa vitani, ningempa fundi ushindi bila ya kusitasita. Lakini Dakota ilizaliwa ikiwa ndege ya abiria, ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 kwa ajili ya watu waliotaka kulala njiani kwa starehe, na jeshi likaiazima na kuivalisha sare. Catalina tangu mstari wa kwanza wa mchoro wake ilikuwa ndege ya kijeshi, ikikusudiwa kwenda mbali baharini na kutazama. Tofauti hiyo ni ndogo, nami nimeishikilia kwa sababu mjadala wetu ni wa ndege za kijeshi.

Fundi hakuishia hapo. Aliniuliza kwa sauti ya chini, bila ya nia ya kunishinda: "Na Khedive Ismail?"

Baraza nzima ilinyamaza. Meli hiyo iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa imebeba wanajeshi, miongoni mwao mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido, ikazama kwa dakika chache tu, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Manowari zilizoisindikiza ziliizamisha nyambizi hiyo siku ile ile. Wapo wazee wa mwambao huu na wa bara ambao hawakupata kaburi la kuzuru kwa sababu ya siku ile, na mimi sikuona vyema kulijibu swali la fundi kwa maneno ya ushindani.

Mwanafunzi wetu wa uhandisi ndiye aliyelijibu. Alikuwa amekwisha kuifungua ramani kwenye simu yake, akapima kutoka Mombasa hadi mahali ilipozama, akapata takriban kilomita 3,600. Kwa mwendo wa Catalina, akasema, hizo ni saa 18. Ndege kutoka Kipevu ingefika, lakini isingekuwa na mafuta ya kurudi. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa SR-71, akaipigia hesabu ndege yake pia: zaidi kidogo ya saa moja.

"Ikishafika, ifanye nini?" fundi akamuuliza.

Kijana alifikiri. "Ingepiga picha," akasema, na hakuongeza neno.

Hapo ndipo adhana ilipotukuta. Nililokuwa nimekusudia kulisema baada ya hapo ni habari ya Indianapolis, na ninaileta sasa kwa sababu inalijibu swali la fundi kwa upande mwingine. Manowari hiyo ya Marekani ilikuwa imepeleka kisiwani Tinian sehemu za bomu lililokuja kuangushwa Hiroshima, ambalo watu wengi hulitumia kuivika taji ndege ya B-29. Baada ya usiku wa manane kuamkia tarehe 30 Julai 1945, nyambizi ya Kijapani iliizamisha. Watu karibu 900 waliingia majini wakiwa hai. Hakuna aliyewatafuta, kwa sababu hakuna aliyetambua kwamba meli yao imechelewa, na kwa siku nne walielea katika maboya yao, wakiuawa na kiu, jua na papa. Rubani wa doria aliwaona kwa bahati tarehe 2 Agosti, na Catalina moja iliyoongozwa na Adrian Marks ikatumwa kutoka Peleliu kwenda kuwadondoshea maboya na vyelezo.

Kanuni zilikataza Catalina kutua katika bahari wazi yenye mawimbi makubwa, na katazo hilo lilikuwa la busara, maana tumbo la ndege ni bati jembamba lililoshikwa kwa ribiti. Marks alipoona papa wakiwashambulia watu chini yake, aliwauliza wenzake kama wako tayari kutua, wakakubali. Ndege iliyapiga mawimbi kwa kishindo, ribiti zikachomoka, maji yakaingia, nao wakayaziba matundu na kuanza kuwazungukia wale waliokuwa peke yao, kwa kuwa walioshikana makundi walikuwa na nafuu kidogo. Ndani kulipojaa, waliwalaza watu juu ya bawa na kuwafunga kwa kamba za parachuti ili wasiteleze. Usiku ulipoingia walikuwa wameokoa watu 56. Ndege haikuweza kupaa tena. Ilielea pale, ikiwa chelezo, mpaka meli zilipofika gizani, na baada ya majeruhi kuhamishwa ilizamishwa kwa mizinga kwa kuwa ilikuwa imeharibika mno. Jumla ya waliosalimika katika meli nzima walikuwa 316.

Nimeyapima haya yote kwa ndege nyingine zilizotajwa barazani. Spitfire isingeweza kuwafikia. F-15 na SR-71 zingewapita juu kabla ya kuwatambua. Dakota, ambayo ninaiheshimu, ingeweza kuwadondoshea maji na chakula, kisha ingelazimika kuwaacha. Iliyoweza kuwatafuta, kuwaona, kushuka hadi walipo na kukaa nao usiku kucha ni hii yenye tumbo la mashua, na iliweza kwa sababu mbunifu wake alikubali iwe ya polepole ili iweze kukaa muda mrefu angani na pia iweze kutua majini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Catalina ilikuwa ya polepole, ninamwambia kwamba bila ya upole huo wale 56 wasingepata bawa la kulalia.

Jumamosi hii hatutakaa barazani. Tumekubaliana tuvuke kwa feri Likoni, tupande matatu hadi Mtongwe, tusimame karibu na pale Babu alipokuwa akipandisha ngalawa yake, tuitazame Kipevu ilivyo leo, pamoja na kreni zake za makontena, matangi ya mafuta na mitambo ya umeme. Ami amesema atakuja ingawa moyo wake bado uko kwa Spitfire. Fundi atakuja na plagi moja ya Twin Wasp aliyoihifadhi nyumbani kwake tangu ujana wake. Na yule kijana wa SR-71 alinipigia simu jana usiku kuniuliza ndege zile zilikuwa zikielekea upande gani wakati wa kupaa. Nilimjibu kwamba ndege ya majini hupaa ikiukabili upepo, kwa hiyo wakati wa kusi omo lake lingetazama kusini na wakati wa kaskazi lingegeuzwa upande wa pili. Ameomba tutoke nyumbani mapema tufike alfajiri, wakati ambapo Babu alisema zilikuwa zikiondoka.